Kioo cha Pili



Kando ya ukumbi wa parokia yetu, hapa Kolwezi, kuna chumba kidogo chenye meza ndefu, mashine ya kunakili na kompyuta moja kuukuu, ile ambayo watu wa mtaa huiita ordinatere. Chumba hicho sisi vijana tulikabidhiwa ili tuwaandikie watu barua, maombi na nyaraka zao, na kwa malipo madogo tusaidiane karo za shule. Leo tungependa kuwasimulia jinsi kompyuta ile ilivyopata vioo viwili. Habari yenyewe ni ya mafundi, lakini chanzo chake ni kosa letu, na hatuwezi kueleza jambo la kwanza bila kukiri la pili.

Mnaujua mji wetu. Ulizaliwa kwa sababu ya shaba, na tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Katika manispaa zake mbili, Dilala na Manika, ardhi iliyo chini ya nyumba yaweza kuwa na thamani kuliko nyumba yenyewe. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, madini ya kobalti yalipatikana chini ya makazi, na watu wakachimba hata ndani ya nyua zao; baadaye baadhi ya familia zikahamishwa. Mahali kama hapa karatasi ni ngao. Mtu asiye na karatasi yenye jina lake sahihi aweza kukaa nyumbani kwake miaka thelathini, na siku moja akaulizwa yeye ni nani.

Mama mmoja mjane, ambaye hakutoka Kasulo, alitujia asubuhi ya mvua. Mtaa wao ulikuwa unaandikishwa, nyumba kwa nyumba, kwa sababu mgodi ulikuwa unapanuka. Alihitaji barua ya kuthibitisha kwamba kiwanja cha marehemu mumewe sasa ni chake na watoto wake. Alisimama mbele ya meza, akasema jina lake, la mumewe, la kijiji chao na tarehe zote. Mmoja wetu aliandika huku wengine wakipokea wateja. Kioo cha kompyuta kilikuwa kinatutazama sisi, naye aliona mgongo wake tu. Tulichapa, tukapiga mhuri, tukapokea fedha, akaenda.

Baada ya wiki mbili alirudi. Ofisi aliyopeleka barua ilikuwa imeikataa. Katikati ya jina lake kuna herufi j. Sisi tuliandika z. Kadi yake ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, ilisema hivi, na barua yetu ikasema vile. Alikuwa amekwenda na kurudi mara tatu kwa pikipiki ya kukodi, na fedha zilizotumika zilikuwa za karo ya mwanawe wa sekondari, ambaye kwa siku hizo alirudishwa nyumbani.

Hapa ndipo aibu yetu ilipo. Hatukumwambia, "Mama, tumekosea." Tulimwambia, "Mama, labda ulitamka vibaya." Tulisema kwa upole, kwa sauti ya watu waliosoma, na yeye akainamisha kichwa kana kwamba kweli kosa ni lake. Tuliandika barua upya bila kumtoza. Alipokuwa akitoka alisema neno moja tu: "Wanangu, jina langu ninajua kulisoma. Ningeona mnachoandika, ningewaambia."

Maneno hayo yalibaki chumbani baada ya yeye kuondoka. Jioni ile tulibishana. Wengine walisema tuwe waangalifu zaidi, basi. Wengine walisema tuwape watu karatasi waisome kabla ya mhuri. Lakini wino ni ghali, na mtu aliyekwisha kuona karatasi nadhifu iliyochapwa huona haya kusema kwamba ina kosa. Mwishowe tukakubaliana: tuweke kioo cha pili, kimgeukie yule anayeandikiwa. Aone herufi zikizaliwa, naye awe na haki ya kutusimamisha.

Kioo cha pili tulikuwa nacho. Kilikuwa kimelala stoo, kile cha kizamani chenye mgongo mkubwa. Kilichokosekana ni mahali pa kukiunga. Kompyuta yetu ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nyuma yake palikuwa na tundu moja tu la kioo, lile la VGA lenye vishimo kumi na vitano, ambalo ulimwengu umelijua tangu mwaka 1987.

Kwa wale wasiojua, tueleze. Kompyuta haioni picha, inajua namba. Kazi ya kugeuza namba hizo kuwa nuru kiooni hufanywa na kadi ya picha, kibao kidogo chenye kumbukumbu yake na akili yake. Kadi yetu ilikuwa ya Nvidia, imechomekwa katika tundu la AGP. Matundu ya namna hiyo yalianza kuonekana mwaka 1997, na kwa kawaida bodi kuu ya kompyuta ilikuwa nalo moja tu. Kwa hiyo kadi ya pili haikuweza kukaa hapo. Lakini kando yake palikuwa na matundu meupe ya PCI, ya kizazi kilichotangulia, yaliyo mapana kwa kila aina ya kadi. PCI ni polepole: hupitisha takriban megabaiti 133 kwa sekunde, tena kadi zote zilizochomekwa humo hugawana njia hiyo moja. Kwa sinema ingekuwa taabu. Kwa jina la mama mmoja, yatosha na kubaki.

Fundi mmoja wa sokoni alitupa kadi ya PCI kutoka katika ndoo ya mabaki, kwa bei ya mikate miwili. Ilikuwa imejaa vumbi jekundu la mji wetu. Tulisugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli hadi yakang'aa, tukazima kompyuta, tukachomoa waya wa umeme, tukagusa chuma cha sanduku ili umeme tulio nao mwilini usiiunguze, tukaichomeka. Tukawasha.

Kioo cha kwanza kikabaki cheusi.

Tulidhani tumeiua mashine. Yule aliyechomeka kadi aliketi chini, akashika kichwa. Kompyuta ile ilikuwa karo ya watoto kadhaa. Ni mdogo wetu mmoja, mwenye miaka kumi na mitano, aliyeuliza swali ambalo sisi wakubwa hatukulifikiria: "Yaya, je, tumekitazama kile kingine?" Tulikuwa hatujakiwasha. Tulipokiwasha kile cha mgongo mkubwa, maandishi yote yalikuwa pale. Mashine haikufa. Ilikuwa inazungumza upande ambao hatukuutazama.

Sababu yake ni hii. Kompyuta inapoamka, kabla mfumo wowote kupakiwa, kuna programu ndogo ndani ya bodi kuu, iitwayo BIOS, inayochagua kadi ipi iwe ya kwanza kusema. Nyingi za wakati ule zilichagua PCI kabla ya AGP. Tuliingia katika mipangilio yake kwa kubonyeza kitufe cha kufuta mara tu baada ya kuwasha, tukatafuta mstari unaosema ni kadi ipi ianze, tukaandika AGP. Kioo cha kwanza kikarudi. Na kile cha pili kikawa cheusi.

Safari hii weusi wake ulikuwa na maana nyingine. Kadi ya kwanza huweza kuonyesha kitu hata kabla ya kufundishwa, kwa kuwa mfumo wa Windows una njia ya jumla ya kuzungumza na kadi yoyote. Njia hiyo ya jumla hufaa kadi ya kwanza pekee. Kadi ya pili haifanyi kazi mpaka ipatiwe kiendeshi chake, yaani programu iliyoandikwa kwa ajili yake hasa. Katika orodha ya vifaa ilionekana na alama ya njano ya kuuliza: mfumo ulijua kwamba pana mtu mlangoni, lakini haukujua jina lake.

Tukalitafuta jina. Juu ya kadi palikuwa na karatasi iliyobandikwa, na karatasi ilisema ni ya Nvidia, kama dada yake. Tukaamini. Tukaenda kwa mwenye intaneti, tukapakua kiendeshi cha zamani cha kadi za jamaa hiyo, tukarudi nacho katika kiflashi, tukakiweka. Kikaondoa kiendeshi kizuri cha kadi ya kwanza, kikaketi mahali pake, na kompyuta ilipowashwa tena ikaonyesha ukurasa wa buluu na kuzima. Ikawasha, ikaonyesha buluu, ikazima. Siku nzima wateja waligeuzwa mlangoni.

Tuliiokoa kwa kubonyeza F8 wakati wa kuamka na kuingia katika hali ya usalama, ambamo mfumo hupakia vile vya lazima tu. Tukakiondoa kiendeshi kile, tukakirudisha cha mwanzo. Kisha tukafanya jambo ambalo lilipasa kuwa la kwanza: tukaiuliza kadi yenyewe. Kila kifaa cha PCI hubeba ndani yake namba mbili ambazo hazifutiki kwa kubandika karatasi. Moja ni ya kiwanda kilichokitengeneza, nyingine ni ya aina ya kifaa. Katika orodha ya vifaa, ukifungua maelezo ya kifaa, utaziona. Kadi za Nvidia huandika 10DE. Ya kwetu iliandika 1002. Hiyo ni namba ya ATI, kampuni ya Kanada ambayo mwaka 2006 ilinunuliwa na AMD. Kwa muda wote ule tulikuwa tunaiita kadi kwa jina la mwingine.

Tulitazamana. Hakuna aliyesema neno, lakini wote tuliikumbuka ile herufi j.

Kiendeshi sahihi kilipowekwa, mfumo ulionyesha katika mipangilio ya kioo visanduku viwili, kimoja namba 1 na kingine namba 2. Tulibofya cha pili, tukakubali kutanua meza ya kazi hadi kwake, na kioo kile cha mgongo mkubwa kikapata mwanga. Kadi mbili za viwanda viwili vinavyoshindana sokoni, moja ya AGP na moja ya PCI, kila moja na kiendeshi chake, zikafanya kazi katika sanduku moja. Hakuna iliyolazimishwa kuwa kama mwenzake. Kilichohitajika ni kila moja iitwe kwa jina lake, na ijulikane ipi inaanza.

Likabaki fumbo la mwisho. Sisi tulitaka vioo vyote vionyeshe kitu kilekile, lakini Windows XP, pamoja na kadi mbili tofauti namna hii, haikuwa na njia ya kuakisi. Ilijua kutanua tu, kama ukuta uliobomolewa ili vyumba viwili viwe kimoja. Tulizunguka hilo kwa njia rahisi ambayo twaipendekeza kwenu. Programu za kuandikia zina amri ya kufungua dirisha jipya la waraka uleule. Tulilifungua, tukaliburuta hadi kioo cha pili, tukakuza herufi maradufu. Unapoandika katika dirisha la kwanza, neno huonekana papo hapo katika la pili. Kwa kweli ikawa bora kuliko kuakisi, maana sisi twaona ukurasa mzima kwa herufi ndogo, na mzee aliyeketi upande wa pili aona mstari wake kwa herufi kubwa, hata bila miwani.

Wale kati yenu mtakaojaribu, zingatieni mambo machache. Windows ilianza kukubali vioo vingi kutoka kadi kadhaa katika toleo la mwaka 1998, na XP ikaendelea hivyo. Lakini Vista ya mwaka 2007, katika mtindo wake mpya wa viendeshi, ilidai kadi zote zitumie kiendeshi kimoja, hivyo jozi kama yetu isingewezekana kwa mtindo huo. Windows 7 ya mwaka 2009 ililegeza sharti hilo. Katika Linux jambo hili lawezekana pia, ila mara nyingi utalazimika kuandika katika faili la mipangilio anwani ya tundu ambamo kila kadi imekaa. Huko nako, kwanza ni kuuliza kila mmoja anakaa wapi. Na kadi ya ziada hula umeme wa ziada; kama kisanduku cha umeme cha mashine yako ni dhaifu, mashine itazimika yenyewe. Katika mji ambamo umeme hupanda na kushuka, msiwashe bila kifaa cha kuutuliza.

Tumelitaja neno umeme, na hatuwezi kulipita. Tangu mwaka 1982 nyaya kutoka Inga, takriban kilomita 1,700, huleta umeme hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi. Tulipoisugua kadi ile na shaba yake ikang'aa, mmoja wetu, ambaye babake alifanya kazi Gécamines, alisema kwamba shaba hii huenda ilitoka hapa, ikazunguka dunia, ikarudi kwetu ndani ya ndoo ya mabaki. Hatuwezi kujua kama ndivyo. Lakini tangu siku ile hatuiiti tena takataka.

Mama yule alirudi baada ya miezi miwili, akitaka barua nyingine kwa ajili ya shule ya mwanawe. Ombi lake la kiwanja lilikuwa limepokelewa hatimaye, kwa gharama na machozi ambayo hakupaswa kuyatoa. Tulimvutia kiti. Tukamwonyesha kioo cha pili. Akakitazama kwa wasiwasi kidogo, kama mtu aliyezoea kwamba mambo yake huandikwa upande mwingine wa meza.

Mmoja wetu akaanza kuandika. Jina likaonekana, herufi kwa herufi. Ilipofika j, mama akatikisa kichwa kukubali. Katika mstari wa pili akanyosha kidole, akagusa kioo. "Hapo," akasema. "Kijiji chetu hakina u mwishoni." Tukafuta u. Ilikuwa herufi moja, na ilichukua muda mfupi kuliko kumeza mate. Tungeiacha, ingekuwa safari nyingine tatu za pikipiki.

Ndipo tukamwambia. Tulikuwa tumepanga maneno mengi, lakini yalitoka machache: "Mama, siku ile hukutamka vibaya. Ulisema sawasawa. Sisi tuliandika vibaya, kisha tukakusingizia." Akanyamaza kwa muda. Tulitazamia atasema hakuna neno, kama wazazi wetu wasemavyo ili kutufichia aibu. Hakusema hivyo. Alisema, "Nilijua. Nilingoja mje mseme." Kisha akageukia kioo na kuomba tuendelee, kwa sababu shule ingefungwa saa sita.

Tukaendelea.

Wapendwa, hatuwaandikii haya ili kujisifu kwa ufundi. Kompyuta yetu bado ni nzee, kioo cha mgongo mkubwa hutetemeka pembeni, na asubuhi za baridi hukawia kuwaka. Tunawaandikia kwa kuwa wengi wenu mna nafasi kama yetu: mnaandika orodha za kikundi, mnashika fedha za michango, mnajaza fomu za wazee, mnaandika habari za wengine katika simu. Kila anayeandika habari za mtu ana kioo kinachomtazama yeye peke yake, na ni rahisi mno kumwachia mwenzake mgongo wa kioo. Sisi tulijifunza kukigeuza, tena tulijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Jambo hilo halitupi raha, wala hatutaki litupe raha mapema.

Mnapokutana katika vikundi vyenu, pengine mtapenda kuzungumza juu ya haya: Ni nani kati yetu ambaye habari zake zinaandikwa bila yeye kuona? Je, kuna mtu tuliyemwambia "ulitamka vibaya," ilhali sisi ndio tulioandika vibaya? Na kama yupo, anangoja nini kutoka kwetu?

Chumba chetu kiko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi. Kadi moja ya PCI tuliyoipata baadaye bado imo kabatini, imekwisha kusuguliwa, na namba zake tumeziandika kwa kalamu juu ya bahasha. Kikundi chochote kinachoihitaji kije kuichukua.